Deni la Waliorudi: Wapiganaji wa Zamani wa Singida na Haki ya Waliobaki Vitani

Miongoni mwa maswali ya imani na maadili ambayo jamii iliyopitia vita haiwezi kuyakwepa, liko moja ambalo halipati jibu kwa kumalizika kwa mapigano wala kwa kutolewa kwa nishani, nalo ni swali la kile anachodaiwa mtu aliyerudi hai na mwenzake aliyekwenda naye asirudi. Deni la kawaida lina pande tatu, yaani mdai, mdaiwa na kitu kinachodaiwa, na wahenga wamekwisha kulitolea hukumu kwa kusema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Deni la aliyerudi kutoka vitani, hata hivyo, lina upungufu katika pande mbili kati ya hizo tatu, kwa kuwa mdai amekufa na hawezi kupokea chochote, na kitu alichokitoa, yaani uhai wake, hakina kipimo wala badala. Mtu anayelitazama jambo hili juujuu anaweza kufikia mojawapo ya mahitimisho mawili: ama deni hilo halipo, ama lipo lakini halilipiki; na kwa vyovyote vile mwisho wake ni kunyamaza.

Makala hii inayapinga mahitimisho yote mawili kwa kuyachunguza makutano ya wapiganaji wa zamani, hasa wa Mkoa wa Singida, waliopigana Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba makutano ya watu hao si burudani ya uzeeni wala si njia ya kujikumbusha ujana, bali ndiyo namna ya pekee ambayo deni hilo linaweza kulipwa, kwa sababu hapo ndipo askari aliyekufa angali kijana, bila kuacha mtoto wa kulibeba jina lake, anapoendelea kuwa na watu waliomjua. Hoja hiyo inaendelea mbele na kusema kwamba wajibu huo si wa wazee hao peke yao, bali ni wa jamii nzima, ambayo kwa miaka mingi imewaachia wachache waubebe kwa niaba yake.

Vita vilivyochukua msimu mzima wa kilimo

Uganda, iliyokuwa chini ya Idi Amin tangu mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971, iliivamia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978, ikaikalia ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera yenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 1,800, ikatangaza kwamba ardhi hiyo ni yake, na ikalivunja daraja la Kyaka ili majeshi ya Tanzania yasivuke. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Julius Nyerere aliwatangazia wananchi kwamba nchi itapigana, akataja mambo matatu ambayo waliokuwa watu wazima wakati ule wanayakumbuka mpaka leo, kwamba uwezo upo, sababu ipo na nia ipo. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, lilipanuliwa kwa haraka kwa kuingizwa vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, askari wa Polisi na Magereza, pamoja na mgambo, yaani raia waliokuwa wamepewa mafunzo ya kijeshi vijijini na makazini bila kuziacha shughuli zao za kila siku. Tanzania iliiteka Mutukula, ndani ya Uganda, Januari 1979, Masaka na Mbarara zikafuata mwezi Februari, majeshi ya Amin yakisaidiwa na askari wa Libya yakashindwa Lukaya mwezi Machi, Kampala ikaanguka Aprili 11, na tarehe 3 Juni 1979 askari wa Tanzania wakafika mpaka wa Sudan.

Mpangilio huo wa tarehe una maana ya pekee kwa mkoa kama Singida, ambao una msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili, na ambao wakulima wake wa mtama, uwele na mahindi hawapati nafasi ya pili wakiikosa hiyo ya kwanza. Uvamizi ulitokea wakati mashamba ya Iramba, Manyoni na Singida yakitayarishwa, vita vya Lukaya vilipiganwa wakati nafaka ikiwa shambani, na mapigano yakaisha watu walipokuwa wamekwisha kuvuna. Hii ina maana kwamba mgambo aliyeitwa kutoka katika vijiji vya huko aliondoka na jembe likiwa limeachwa mikononi mwa mkewe, mama yake au wadogo zake, na kwamba hata kabla risasi ya kwanza haijapigwa, maisha ya wengine yalikuwa yamekwisha kutolewa kwa sehemu ili yeye aende. Deni linalozungumziwa hapa, kwa hiyo, halianzii kwenye handaki, bali linaanzia shambani.

Kwenye handaki lilipata sura nyingine. Jeshi la taifa halipangi watu kwa makabila, na kijana wa Kinyaturu au Kinyiramba alijikuta katika kombania moja na Mmakonde, Mpemba, Mhaya na Mkurya, watu ambao hakuwachagua na ambao huenda asingekutana nao maishani, akala nao, akalala nao, na akayaweka maisha yake mikononi mwao. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliugawa urafiki katika aina tatu, yaani urafiki wa manufaa, wa starehe na wa wema, na zote tatu huanza kwa watu kuchaguana. Undugu wa vitani haumo katika aina yoyote kati ya hizo, kwa kuwa unakaribia zaidi undugu wa kuzaliwa, ambao mtu huukuta tayari umekuwepo na unampa wajibu kabla hajaulizwa kama anautaka. Ndiyo sababu makutano ya wapiganaji wa zamani hayafanani na makutano ya watu waliosoma shule moja, bali yanafanana na kikao cha ukoo, ambamo anayekosekana anaulizwa kabla ya aliyehudhuria kusalimiwa.

Namna mbili za kukutana

Wapiganaji wa zamani hukutana kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ile ya kiserikali, inayofanyika kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ambapo kwenye mnara wa kumbukumbu Rais huweka mkuki na ngao, mwakilishi wa wapiganaji wa zamani naye huweka silaha ya jadi, tarumbeta ya maombolezo hupigwa, na viongozi wa dini mbalimbali huomba dua na sala kwa zamu. Ibada hii ina uzito wake, kwa sababu inalisimamisha taifa lote mbele ya wafu wake. Lakini hapo wafu hutajwa kwa jumla, kama mashujaa, na hakuna nafasi ya kuuliza fulani bin fulani wa kijiji fulani alikufa wapi na nani alikuwa karibu yake.

Namna ya pili haina ratiba, na katika mkoa wenye vijiji vilivyotawanyika kama Singida hutokea zaidi misibani kuliko kumbini. Mpiganaji mmoja anapofariki, wenzake wa kata za jirani huja kuzika, na baada ya maziko, watu wengine wanapotawanyika, hubaki wazee watatu au wanne wamekaa pamoja kwenye mkeka, na mmoja wao aliyekuwa askari wa kawaida bado anamwita mwenzake aliyekuwa sajini kwa jina la afande, ingawa wote wawili wamevuka miaka 65. Mazungumzo yao hayaanzi na ushindi, huanza na majina. Mmoja hutaja jina la kijana aliyekufa na mahali anapodhani alikufa. Wa pili humsahihisha kwamba haikuwa Lukaya bali ilikuwa kabla ya kufika huko. Wa tatu huongeza kwamba kijana huyo ndiye aliyekuwa akibeba redio na kwamba usiku ule alikuwa na homa. Hakuna hata mmoja wao mwenye habari nzima, lakini wanapokaa pamoja habari hiyo hukamilika, na aliyekufa hupata tena mahali pake, siku yake na hali yake.

Jambo hili lina msingi mzito katika sheria za dini zote mbili zinazofuatwa na watu wengi wa Singida. Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 19, inaagiza kwamba neno lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu, na Qurani, katika aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inaagiza deni la muda lishuhudiwe na mashahidi wasiopungua wawili. Sababu ya maagizo hayo ni kwamba kumbukumbu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani, huchoka, hujipendelea na huchanganya, na kwamba haki ya mtu asiyekuwepo haiwezi kutegemezwa juu ya mdomo mmoja. Mpiganaji wa zamani anayekaa peke yake na kumbukumbu zake anateseka nazo. Lakini akiwa na wenzake anashuhudia, na ushuhuda huo ndio haki ya kwanza ya aliyekufa.

Askari asiye na mtoto

Ili kuona kwa nini ushuhuda huo ni malipo ya deni, inafaa kurejea kwa mwanateolojia wa Kenya John Mbiti, aliyezaliwa Kitui mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019, ambaye katika kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kilichochapishwa mwaka 1969 alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kama istilahi za kifalsafa. Kwa mujibu wa Mbiti, sasa ni kipindi ambacho watu wanakiishi na kukikumbuka wao wenyewe, na zamani ni bahari kuu ya wakati ambamo mambo yote huzama hatimaye. Mtu anapokufa hazami mara moja katika zamani, bali huendelea kuwa ndani ya sasa akiwa mfu aliye hai, yaani marehemu ambaye bado anatajwa kwa jina na watu waliomjua, na hali hiyo hudumu mpaka afe mtu wa mwisho aliyemfahamu. Hapo ndipo kifo chake kinapokamilika, na ndiyo sababu jamii nyingi za Kiafrika zimeyathamini mno mambo ya kuoa, kuzaa na kurithisha majina, kwa kuwa watoto na wajukuu ndio wanaomshikilia marehemu asizame.

Mbiti hakuandika juu ya askari, lakini mafundisho aliyoyaeleza yanafichua ukali wa kifo cha vitani kuliko maelezo mengine yoyote. Mgambo wa miaka 20 aliyekufa Machi 1979 mara nyingi hakuwa ameoa wala kuzaa. Wazazi wake, kwa kufuata mwendo wa kawaida wa maisha, wametangulia. Ndugu zake wanamkumbuka alivyokuwa mtoto, si alivyokuwa mtu mzima, kwa kuwa utu uzima wake wote ulikuwa miezi michache aliyoishi mbali nao. Watu pekee waliomjua akiwa mwanaume kamili, akiogopa, akicheka, akigawana maji na kufanya uamuzi, ni wale waliokuwa naye kwenye kikosi. Kwa maana hiyo, wenzake wa vitani wamechukua nafasi ya watoto ambao hakuwapata, na wanapokutana na kumtaja wanafanya lile ambalo mtoto humfanyia baba yake. Deni ambalo hapo mwanzo lilionekana halilipiki, sasa linaonekana kuwa na kitu maalumu cha kulipwa: uhai wake hauwezi kurudishwa, lakini nafasi yake ndani ya sasa inaweza kulindwa, na hakuna mwingine mwenye uwezo wa kuilinda.

Pingamizi tatu

Hoja hii inakabiliwa na pingamizi zinazostahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza ni ya kifalsafa, nayo inatokana na Epicurus, Mgiriki wa karne ya 4 na ya 3 kabla ya Kristo, aliyefundisha kwamba kifo si kitu kwetu, kwa kuwa kinapokuwepo sisi hatupo, na asiyekuwepo hawezi kutendewa mema wala mabaya. Aristotle, aliyemtangulia, alikuwa na tahadhari zaidi, kwani aliona ni jambo gumu kuamini kwamba yale yanayowapata wapendwa wa marehemu hayamhusu kabisa. Jibu linaweza kupatikana hata bila kuamua kama wafu wanasikia, kwa sababu mtu aliyekufa akitimiza wajibu alifanya hivyo akiwa hai, akitegemea kwamba wenzake nao watautimiza wa kwao. Na ahadi iliyotolewa kwa mtu aliye hai haifutwi na kifo chake, kama vile wosia hauharibiki kwa kufa kwa aliyeuandika, bali hapo ndipo unapoanza kufanya kazi.

Pingamizi ya pili ni ya kidini, nayo husemwa kwa maneno mepesi msibani, kwamba siku zake zilikuwa zimefika. Imani katika majaaliwa, yaani kwamba muda wa kila kiumbe umekwisha kuandikwa na Mwenyezi Mungu, ni nguzo ya imani ya Kiislamu na ina ndugu zake katika mafundisho ya Kikristo juu ya maongozi ya Mungu, na kwa mpiganaji aliyerudi ina faida kubwa, kwa sababu inamwondolea mzigo wa kujiuliza kila usiku kwa nini risasi ilimpata jirani yake ikamwacha yeye. Hata hivyo majaaliwa yanaondoa hatia tu, hayaondoi deni, kwa sababu deni hili halitokani na kosa la aliyerudi. Mtoto hana kosa kwa uchungu wa mama aliyemzaa, wala hakuuomba, lakini hakuna dini inayosema kwamba kwa sababu hiyo hadaiwi kitu.

Pingamizi ya tatu ni ya kiserikali, kwamba taifa limekwisha kulipa kwa nishani, kwa kiinua mgongo, kwa minara na kwa makaburi yanayotunzwa, kama yale ya Kaboya katika Wilaya ya Muleba walikozikwa askari wa Vita vya Kagera, na yale ya Naliendele mkoani Mtwara yanayohusu harakati za ukombozi wa Msumbiji. Malipo hayo ni ya lazima, na pale yalipopungua yanapaswa kudaiwa. Lakini serikali hulipa deni lake yenyewe, ambalo ni deni la taifa kwa raia wake, wala haiwezi kulipa deni la mtu kwa mtu, kama vile mwajiri anayetoa gharama za mazishi hawezi kumlilia marehemu kwa niaba ya ndugu zake.

Ukweli kama sehemu ya malipo

Kukumbuka peke yake hakutoshi, kwa maana upo ukumbusho unaomdhulumu anayekumbukwa. Mtakatifu Thomas Aquinas, katika karne ya 13, aliweka masharti matatu ya vita vya haki, yaani mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema, na msomaji ataona kwamba mawili kati ya hayo, sababu na nia, yalikuwa pia ndani ya tangazo la Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki wa kushika dini. Nchi iliyovamiwa, ambayo raia wake waliuawa na mali zao kuporwa, ilikuwa na sababu ya haki kwa kipimo chochote cha maadili. Pamoja na hayo, Kanisa la kale halikudhani kwamba haki ya vita humrudisha mpiganaji nyumbani akiwa kama alivyoondoka: Mtakatifu Basil wa Kaisaria, katika karne ya 4, alishauri kwamba waliomwaga damu vitani, hata kama hawakuhesabiwa wauaji, wakae miaka mitatu bila kushiriki Komunyo, na Mtakatifu Agostino alifundisha kwamba mtu mwenye hekima huomboleza hata vita alivyolazimika kupigana kwa haki.

Msingi wa mafundisho hayo ni kwamba haki ya vita kwa jumla haikitakasi kila kitendo kilichofanyika ndani yake. Wanahistoria wa Vita vya Kagera wameandika kwamba baada ya Mutukula kutekwa, mji huo ulibomolewa na raia wakauawa kwa kulipiza kisasi, na kwamba Nyerere alipopata habari hizo alisikitika na kuamuru raia na mali zao wasiguswe tena. Qurani inawaruhusu waumini kupigana na wanaowapiga na papo hapo inawakataza kuvuka mipaka, na katazo hilo lingekuwa halina maana kama kuvuka mipaka kusingewezekana kwa mtu mwenye haki. Wazee wanaokutana wanajua mambo ambayo hayasemwi kwenye gwaride, wanajua pia kwamba si kila aliyekufa alipigwa na adui, kwani vita haina macho, na wengine waliondolewa na maradhi, ajali za magari au makosa ya wenzao. Kumpamba mtu wa namna hiyo kwa kifo kisichokuwa chake ni kumnyang'anya kile cha kweli alichokuwa nacho. Aliyekufa kwa homa akiwa njiani kwenda mstari wa mbele alitoa uhai ule ule mmoja alioutoa aliyekufa akishambulia, na haki yake ni kutajwa jinsi alivyokuwa.

Ukweli huo una upande mwingine mgumu zaidi, nao ni wa adui. Vijana wa Uganda na Libya waliokufa Lukaya nao walikuwa na mama zao, na wengi wao hawakuchagua vita vile zaidi ya alivyochagua kijana wa Singida. Injili inaagiza kuwaombea maadui, na agizo hilo haliwi la kweli mpaka liwe na watu halisi wa kuombewa. Ni vigumu kwa raia aliyekaa nyumbani kumwombea adui asiyemjua bila kusema maneno matupu, lakini mpiganaji aliyemwona kijana wa upande wa pili akifa anaweza kufanya hivyo kwa ukweli, na pengine ni yeye peke yake anayeweza. Makutano ya wapiganaji wa zamani yanayomkumbuka na adui hayaipunguzii Tanzania haki yake, bali yanaonyesha kwamba nia iliyotangazwa mwaka 1978 ilikuwa ya kumwondoa mvamizi, wala haikuwa ya kuwachukia watu.

Jina lisilo na mtunzaji

Historia ya Tanzania ya kati inaonyesha kinachotokea pale ushuhuda unapokosekana. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani na Waingereza waliwachukua watu kwa maelfu ili wabebe mizigo ya majeshi, wakachukua pia ng'ombe na nafaka, na ukame ulipokuja juu ya hasara hiyo ikatokea kati ya mwaka 1917 na 1920 njaa ambayo Wagogo, ambao nchi yao inaingia mpaka Manyoni, waliiita Mtunya. Wabebaji wale walikufa njiani kwa maradhi na uchovu na wengi hawakuandikwa popote. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, walikufa kutokana na vita hivyo bila kukumbukwa kwa majina, au bila kukumbukwa kabisa. Ripoti hiyo ilitoka miaka zaidi ya mia moja baadaye, wakati hapakuwa tena na mtu hai wa kuulizwa.

Waliopigana Vita vya Pili vya Dunia katika KAR (King's African Rifles), kikosi cha kikoloni cha Waingereza ambacho Waswahili walikiita Keya, wamo mbioni kuifuata njia hiyo, kwa kuwa kijana aliyekuwa na miaka 20 huko Burma mwaka 1944 angetimiza miaka 100 mwaka 2024. Singida yenyewe ina mfano wa kinyume katika Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu ambaye simulizi zinasema aliwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kutumia nyuki, na ambaye jina lake limepewa uwanja wa michezo wa mjini Singida. Jina hilo lilihifadhiwa hasa na vinywa vya watu waliokaa pamoja na kulirudia mpaka likawafikia wasiomwona. Lakini majina ya wengi waliosimama naye na kufa hayajulikani, kwa sababu hayakupata vinywa vya kutosha.

Faradhi ya wote

Sheria ya Kiislamu inatofautisha faradhi aini, yaani wajibu wa kila mtu peke yake kama vile sala tano, na faradhi kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima ambao wakiutimiza baadhi huwatosheleza wengine, lakini wakiuacha wote basi wote hupata dhambi. Mfano wake unaojulikana zaidi ni kumwosha, kumsalia na kumzika maiti. Kuwashuhudia waliobaki vitani ni wajibu wa aina hii ya pili, na kwa zaidi ya miaka 40 wapiganaji wa zamani wamekuwa wakiutimiza kwa niaba ya vijiji vyote vilivyowatuma. Lakini kila mwaka idadi yao inapungua, na kijana wa miaka 20 wa mwaka 1978 alitimiza miaka 65 mwaka 2023. Siku watakapobaki wawili hawataweza tena kusahihishana kwa kumwita wa tatu, na siku atakapobaki mmoja hakutakuwa na ushuhuda, itakuwepo kumbukumbu tu. Faradhi hiyo haitakufa pamoja nao, itarudi mabegani mwa wote waliokuwa wametoshelezwa nao.

Dini zinatofautiana juu ya kile kinachoweza kufanywa kwa marehemu. Mkatoliki humwombea, hasa tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, ambayo kwa kukutana kwa tarehe ndiyo siku Nyerere aliyotangaza vita. Mlutheri humshukuru Mungu kwa ajili ya marehemu bila kudhani kwamba sala yake inabadili hali yake. Mwislamu wa madhehebu ya Shafii anaweza kumsalia sala ya ghaibu aliyefia mbali. Lakini wote wanakubaliana kwamba mwenye haki asinyimwe haki yake, na kwamba wema kwa marehemu hupitia kwa wale aliowaacha, yaani mjane, mama mzee, na rafiki zake. Jimbo Katoliki la Singida, Dayosisi ya Kati ya KKKT na misikiti ya mkoa huo zinao waumini waliopigana, makanisa yanazo pia orodha za ubatizo, ndoa na maziko, na hazihitaji kibali cha mtu ili kuwaita wazee hao wakae pamoja.

Aya ile ya Al-Baqara iliyotajwa juu, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qurani, haikuishia katika kutaka mashahidi, bali iliagiza pia kwamba deni liandikwe, likiwa dogo au kubwa, na kwamba mwandishi asikatae kuandika. Agizo hilo linawahusu leo walimu wa shule za kata, maimamu, wachungaji, makatekista na wajukuu wanaojua kusoma na kuandika katika kila kijiji cha Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Singida. Wazee watatu wakutanishwe mahali pamoja wangali hai, kila jina wanalolikumbuka liandikwe pamoja na kijiji alikotoka mwenyewe, kikosi chake na mahali alipofia, makosa yao yasahihishwe na wao wenyewe, na majina hayo yasomwe hadharani kila tarehe 25 Julai, kila jina kwa ukamilifu wake. Kazi hiyo haina gharama ya kuizuia na haina sababu ya kuahirishwa, na atakayeiacha asidhani kwamba amewaachia wazee, kwa kuwa wazee wamekwisha kulipa sehemu yao.